Don Bosco: Kijana Aliyeshikwa Mkono, Naye Akawashika Wengine



Wapendwa vijana, kila tarehe 31 Januari Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Yohane Bosco, yule ambaye wengi tumezoea kumwita Don Bosco. Hilo neno Don si jina lake. Ni namna ya heshima ya Waitaliano ya kumwita padre. Jina lake lipo kwenye mageti ya vyuo vya ufundi, kwenye viwanja vya mpira, na hata kwenye fulana za vijana wa parokiani. Lakini ukimuuliza mmoja wao Don Bosco alifanya nini hasa, utajibiwa kwamba aliwapenda vijana, basi.

Ni kweli aliwapenda. Ila kuwapenda vijana ni maneno ambayo kila mtu anayasema, hata wanasiasa wakati wa kampeni. Leo nataka tuone aliwapenda kwa namna gani, siku kwa siku, mpaka watoto ambao watu walikuwa wameshawakatia tamaa wakawa mafundi, walimu, mapadre, na mmoja wao hata Kardinali. Tuanzie pale ambapo yeye mwenyewe alikuwa kijana asiye na mbele wala nyuma.

Mtoto wa mjane

Yohane alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, kaskazini mwa Italia, si mbali na mji wa Torino. Walikuwa wakulima wadogo. Kabla hajatimiza miaka 2, baba yake alifariki kwa homa ya mapafu. Akabaki mama, Margherita, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, akiwa na bibi mzee wa kumtunza na watoto watatu wa kiume: Antonio, ambaye alikuwa mtoto wa mke wa kwanza wa marehemu, kisha Giuseppe na Yohane. Na mwaka huo huo nchi ilikuwa na njaa. Si unajua hali ya mjane kama huyo?

Alipokuwa na miaka 9, Yohane aliota ndoto ambayo haikumtoka maisha yake yote. Alijiona uwanjani katikati ya kundi la watoto waliokuwa wanatukana na kupigana. Akawavamia kwa ngumi ili wanyamaze. Hapo akatokea Bwana mmoja mwenye uso unaong'aa, akamwambia kwamba watoto hao hatawapata kwa ngumi, atawapata kwa upole na upendo. Kisha akamwona Bibi mwenye utukufu, na wale watoto wakageuka kuwa wanyama wakali, halafu wanyama wakali wakageuka kuwa wanakondoo. Nyumbani walipoisikia, kila mmoja aliitafsiri kivyake. Bibi yake yeye aliona kwamba ndoto si za kuzifuatilia. Mama Margherita alijiuliza kama siku moja mtoto huyu hatakuwa padre.

Lakini padre kwa pesa gani? Shule ilikuwa mbali, ada hakuna, na Antonio hakutaka kusikia habari ya vitabu. Kwake yeye shamba ndiyo shule. Alipomkuta Yohane mezani na kitabu, ugomvi uliwaka, na mara nyingine mdogo alipigwa. Mwezi Februari 1828 mama aliona hali itafika pabaya. Akamfungia Yohane kifurushi cha nguo, akamtuma akatafute kazi kwa watu. Alikuwa na miaka 12, tena ni majira ya baridi. Alibisha hodi nyumba hii na ile, mpaka familia ya Moglia ikampokea kuwa kibarua wa kuchunga ng'ombe. Huko alikaa karibu miaka 2. Ng'ombe wanakula, yeye anasoma.

Hebu simama hapo kidogo. Hana baba, hana shule, amefukuzwa na kaka, anachunga ng'ombe wa watu. Angepita mtu njiani siku hiyo akamwona, angesema nini juu ya kesho yake?

Mzee mmoja njiani

Mwezi Novemba 1829 Yohane alikuwa amerudi nyumbani. Jioni moja alikuwa anatoka kusikiliza mahubiri ya misioni katika kijiji cha jirani, anatembea pamoja na watu wengine. Kati yao alikuwepo padre mzee wa karibu miaka 70, Don Giovanni Calosso, aliyehudumia kanisa dogo la Morialdo. Padre alimwona huyu kijana wa miaka 14, mwenye nywele za kujikunja, anatembea kimya. Akamtania: akiweza kumwambia maneno manne tu ya mahubiri yale atampa senti nne. Yohane akayamwaga mahubiri yote, mwanzo hadi mwisho, kama vile anasoma.

Mzee alishangaa. Lakini tazama alichofanya baada ya kushangaa. Wengi wangemsifu, wakampapasa kichwa, wakaendelea na safari yao. Don Calosso alimuuliza jina, akamuuliza habari za nyumbani, akamuuliza kwa nini hasomi. Kisha akaenda kuzungumza na mama. Akaanza kumfundisha Kilatini mwenyewe, bure, na baadaye akamchukua akae nyumbani kwake. Don Bosco alipokuja kuandika kumbukumbu zake akiwa mtu mzima, alieleza kwamba hapo ndipo alipoonja kwa mara ya kwanza kuwa na mtu wa kumwambia kila kitu kilichokuwa moyoni mwake, na wa kumrekebisha bila kumdharau.

Furaha hiyo ilidumu mwaka mmoja tu. Novemba 1830 Don Calosso alipata kiharusi. Hakuweza tena kusema. Alichukua ufunguo wa kasha lake la fedha, akauweka mkononi mwa Yohane, akamwonyesha kwa ishara kwamba kilichomo ni chake. Akafa. Humo mlikuwa na pesa za kutosha kulipia masomo yake yote mpaka upadre. Ndugu wa marehemu walipofika, Yohane aliwakabidhi ufunguo. Hakuchukua hata senti moja.

Alilia kwa muda mrefu, na si pesa aliyoililia. Tangu siku hiyo alielewa jambo ambalo watu wengi hawalielewi: kijana maskini anaweza kuvumilia njaa, baridi na kazi ngumu, lakini akimpoteza yule mtu mmoja anayemjua, anaona kama dunia imemfungia mlango.

Shule ya taabu

Mwaka 1831 alikwenda kusoma mji wa Chieri. Ana miaka 16, ameketi na watoto wadogo wa darasa la chini kabisa. Watu wa kijijini walichanga: huyu nafaka, yule pesa kidogo. Ili apate pa kulala alifanya kila aina ya kibarua. Alihudumia mgahawa mpaka usiku, akalala kijichumba kilichokuwa chini ya ngazi. Katika miaka hiyo alijifunza kushona nguo, useremala, uhunzi na kushona viatu. Wakati ule aliona ni shida tu. Kumbe Mungu alikuwa anamfundisha kazi ambazo yeye mwenyewe angekuja kuwafundisha wengine.

Hakuwa kijana mnyonge wa kukaa pembeni. Tangu utotoni alijua kutembea juu ya kamba, kurusha vitu hewani na kufanya mazingaombwe, na watoto wa kijijini walikuja kumtazama. Kiingilio chake kilikuwa sala: kwanza rozari, kisha mchezo. Pale Chieri alikusanya wenzake wakaunda kikundi walichokiita Chama cha Furaha. Masharti yalikuwa mepesi: timiza wajibu wako, epuka matendo na maneno yasiyomfaa Mkristo, na uwe mchangamfu.

Mungu alimpa mlezi wa pili, padre kijana kutoka kwao Castelnuovo, Giuseppe Cafasso, ambaye leo naye ni mtakatifu. Cafasso alikuwa amemzidi miaka 4 tu. Yohane alipochanganyikiwa asijue aingie utawani au seminari, Cafasso ndiye aliyemwonyesha njia. Pesa ilipokwama, Cafasso alitafuta wafadhili. Tarehe 5 Juni 1841 Yohane Bosco alipadrishwa huko Torino. Akapata nafasi tatu za kazi, mojawapo yenye mshahara mzuri. Cafasso akamshauri aziache zote, kwanza aje Torino ajifunze uchungaji. Alitii.

Vijana wa jela

Torino ya wakati ule ilikuwa inakua kwa kasi. Vijana walishuka kutoka milimani na vijijini kuja kutafuta maisha: kubeba matofali na chokaa kwenye majengo, kusafisha mabomba ya moshi, kufanya chochote. Wengi walikuwa yatima, au wazazi wako mbali. Walilala popote. Jumapili hawakuwa na pa kwenda, wakabaki vijiweni. Kama wewe umekaa Kariakoo, Gikomba au stendi yoyote kubwa ya kwetu, huhitaji nikueleze zaidi.

Cafasso alikuwa na utume wa magereza, akamchukua padre kijana amsindikize. Huko Don Bosco aliona kitu kilichomtia uchungu mkubwa. Aliona vijana wa miaka 12 hadi 18, wenye afya na akili, wamejaa kwenye vyumba vichafu, wanaliwa na chawa, wana njaa ya chakula na ya neno jema. Lakini kilichomtesa zaidi ni hiki: wengine walitoka wakiwa wameazimia kabisa kubadilika, na baada ya siku chache aliwakuta wamerudi ndani.

Akajiuliza ni kwa nini. Akagundua kwamba wale waliorudi ni wale ambao wakitoka, nje hakuna anayewasubiri. Hakuna wa kuwaambia njoo ule, njoo nikuonyeshe kazi, njoo tusali. Akakumbuka bila shaka kile kichuguu cha ardhi alipozikwa Don Calosso. Akaazimia kwamba vijana hao watakuwa na mtu nje.

Yule aliyejua kupiga mluzi tu

Tarehe 8 Desemba 1841, sikukuu ya Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, Don Bosco alikuwa sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Assisi anavaa mavazi ya Misa. Kijana mmoja aliingia akasimama pale, pengine kwa sababu ya baridi ya nje. Sakristani akamwambia atumikie Misa. Kijana akasema hajui. Sakristani akakasirika, akachukua mpini wa kifuta vumbi, akamcharaza mpaka akatoka mbio. Don Bosco aliuliza kwa nini anampiga rafiki yake. Rafiki? Ndiyo, mtu yeyote anayeonewa ni rafiki yangu, ndivyo alivyomaanisha, na akaagiza aitwe haraka.

Kijana alirudi anatetemeka. Baada ya Misa Don Bosco alikaa naye. Jina lake Bartolomeo Garelli, miaka 16, anatoka Asti, kibarua wa ujenzi. Baba amekufa. Mama amekufa. Kusoma hajui. Kuandika hajui. Komunyo ya kwanza bado. Katekesi anaona aibu kwenda, maana watoto wadogo wanajua kumzidi. Don Bosco akaona kila mlango umefungwa, akauliza kama anajua kuimba. Hajui. Kupiga mluzi je? Hapo Bartolomeo akatabasamu.

Tabasamu hilo ndilo lililofungua mlango. Don Bosco alimfundisha kwanza ishara ya msalaba, wakasali pamoja Salamu Maria moja. Jumapili iliyofuata Bartolomeo alirudi na wenzake. Miezi michache baadaye kundi lilikuwa limefika kama vijana 30. Utume wote wa Don Bosco, yeye mwenyewe alikuwa anasema, ulianzia kwenye Salamu Maria ile.

Tena hakuwasubiri Jumapili tu. Siku za kazi alikwenda kuwatembelea kwenye majengo na karakana walikofanya kazi. Vijana waliona fahari: padre amepanda jukwaa la ujenzi kuja kumsalimia yeye, mbele ya bosi wake! Jumamosi alikwenda jela, mifuko imejaa matunda na mikate. Asiye na kazi alimtafutia tajiri mwaminifu.

Kuhamahama, na machozi ya Jumapili ya Matawi

Sasa msifikiri watu walimpigia makofi. Vijana 300 na kitu wanapiga kelele nje ya dirisha lako kila Jumapili, utapenda? Kuanzia 1844 walifukuzwa huku na kule: kwenye kituo cha bibi mmoja tajiri, kwenye kanisa la makaburini, kwenye vinu vya kusagia, kwenye vyumba vya kupanga, mwisho kwenye uwanja wa nyasi. Wakubwa wa mji walidhani anaandaa maasi. Mapadre wenzake wakaanza kunong'ona kwamba amerukwa na akili. Wawili walikuja na gari la farasi wamchukue matembezini, kumbe mpango ni kumpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Don Bosco aliwastukia. Aliwasihi kwa adabu watangulie kupanda, walipoingia akafunga mlango, akamwamuru dereva aondoke upesi. Wakafika huko wao!

Lakini kuna siku hakucheka. Jumapili ya Matawi, tarehe 5 Aprili 1846, hata ule uwanja wa nyasi ulikuwa umefikia mwisho wake. Vijana wanacheza, hawajui kitu. Yeye amejitenga pembeni, analia, kwa sababu jioni hiyo angepaswa kuwaaga na hajui awaambie wakutane wapi. Ndipo akatokea mtu mmoja mwenye kigugumizi akamwambia kuna banda linakodishwa mtaa wa Valdocco, la bwana Pinardi. Lilikuwa banda la chini mno, hata ikabidi sakafu ichimbwe ili watu waweze kusimama. Tarehe 12 Aprili, Jumapili ya Pasaka, waliingia na kusali humo. Kituo kikubwa cha Valdocco kilianzia kwenye banda hilo.

Mwezi Julai mwaka huo uchovu ulimwangusha. Alitapika damu, akapakwa mafuta ya wagonjwa, daktari akakata tamaa. Vijana waliposikia walikimbilia makanisani. Wengine walifunga kwa mkate na maji. Wajenzi walibeba matofali juani mchana kutwa bila kunywa tone, wakimwomba Mungu asimchukue. Alipona. Aliporudi kwao anatembea kwa fimbo, aliwaambia kwamba maisha yake wamempa wao, hivyo kuanzia sasa ni ya kwao.

Mama Margherita na wezi wa blanketi

Novemba 1846 alirudi Valdocco kwa miguu pamoja na mama yake. Mama alikuwa na karibu miaka 58, ana nyumba yake, ana wajukuu. Aliviacha akaja kuishi na watoto wa mtaani. Aliuza vitu vyake vya harusi ili wapate chakula.

Mwanzo haukuwa mzuri. Vijana wa kwanza waliopewa pa kulala, asubuhi walikuwa wametoweka, na mashuka na blanketi wameondoka nayo. Wewe ungefanya nini? Mwezi Mei 1847, usiku wa mvua, akabisha hodi yatima wa miaka 15, kibarua wa ujenzi, amelowa chapachapa. Mama Margherita alimwashia moto, akampa supu na mkate, akampangia kitanda kwa matofali na mbao hapo jikoni. Kabla ya kumwacha alimpa maneno machache juu ya kazi, uaminifu na Mungu. Halafu akafunga mlango wa jiko kwa ufunguo, asije akaondoka na masufuria! Upendo wake haukuwa wa kijinga. Kijana huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kubaki. Na yale maneno machache ya usiku yakawa desturi inayofuatwa hadi leo katika nyumba za Don Bosco.

Siku moja mama alichoka. Vijana walikuwa wamekanyaga bustani yake ya mboga, nguo zimechanika, soksi zimepotea. Akamwambia mwanawe anataka kurudi Becchi. Don Bosco hakujibu, alinyoosha mkono tu kuonyesha msalaba ukutani. Mama akatazama, macho yakajaa machozi, akarudi kazini. Alikaa hapo mpaka alipofariki tarehe 25 Novemba 1856.

Mkataba wenye muhuri

Vijana wenzangu, hapa ndipo pananigusa zaidi. Don Bosco hakuishia kwenye sala na mpira. Wakati ule kijana akipelekwa kwa fundi kujifunza kazi, mara nyingi aliishia kufagia, kulea watoto wa fundi, kutumwa sokoni na kupigwa. Miaka inapita, ufundi hajaupata. Hii habari kwetu si ngeni.

Basi Don Bosco alianza kuandikiana mikataba na matajiri hao. Mikataba ya mwaka 1851 na 1852 bado ipo, kwenye karatasi ya muhuri wa serikali: mmoja na fundi wa vioo, mwingine na seremala. Ndani yake fundi anaahidi kumfundisha kijana kazi yenyewe. Asimtumie kwa shughuli zisizohusu ufundi huo. Amrekebishe kwa maneno, si kwa kipigo. Amwachie Jumapili na sikukuu. Amlipe ujira unaopanda kadiri anavyojua kazi. Ampe mapumziko kila mwaka. Na kijana naye anaahidi utii, bidii na uaminifu. Fundi anatia saini, kijana anatia saini, na Don Bosco anatia saini kwamba yeye yupo nyuma ya huyu mtoto.

Alianzisha shule za usiku kwa wanaofanya kazi mchana. Serikali ilipokuwa inajiandaa kubadili vipimo kwenda mita na kilo, aliandika kitabu chepesi cha kuvielezea, ili kibarua asipunjwe sokoni. Kuanzia 1853 alifungua karakana zake mwenyewe: viatu na ushonaji, kisha kujalidi vitabu, useremala, uchapaji, uhunzi.

Vijana hao walilipa kwa namna yao. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia Torino, watu wakawakimbia hata ndugu zao. Don Bosco aliomba wa kujitolea. Walijitokeza 14, kisha wengine, mpaka wakafika 44. Waliwabeba wagonjwa na kuwahudumia majumbani. Hakuna hata mmoja wao aliyeugua. Watu walewale waliowaita wahuni sasa waliwafungulia milango.

Neno la sikioni

Alikuwa na watoto watakatifu kama Dominiko Savio, aliyefariki 1857 kabla ya kutimiza miaka 15. Lakini alikuwa pia na Michele Magone. Jioni moja ya ukungu, 1857, Don Bosco anasubiri treni kituo cha Carmagnola, akasikia kundi la watoto wanapiga kelele na sauti moja inawatawala wote. Akaingia katikati. Wengine wakakimbia, Michele akabaki amemkazia macho. Miaka 13, baba hana, shule amefukuzwa, kazi yake kuzurura. Don Bosco hakumhubiria. Alizungumza naye dakika chache mpaka treni ikafika, akampa medali ya Bikira Maria, akamwambia ampelekee padre wa parokia yake amwulize ni nani aliyempa. Baada ya siku chache Michele alikuwa Valdocco.

Alicheza kuliko wote, kisha ghafla akanyamaza, akawa anajificha na kulia. Don Bosco aliona, maana alikuwa uwanjani na watoto, si ofisini. Akamwuliza taratibu. Kumbe dhamiri ilimlemea, na hakujua aanze wapi kuungama. Alisaidiwa, aliungama, furaha ikarudi. Alifariki Januari 1859 kwa ugonjwa wa ghafla, kwa amani kubwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake: akili, dini na upole wa moyo. Eleza sababu, usiamuru tu. Mlete kijana kwa Yesu katika kitubio na Ekaristi. Mpende mpaka aone. Mwaka 1884, akiwa mzee na mgonjwa, aliandika kutoka Roma barua ya masikitiko kwa nyumba yake ya Valdocco, kwa sababu walezi walikuwa wameanza kukaa mbali na vijana. Aliwakumbusha kwamba haitoshi vijana kupendwa, ni lazima wenyewe wajue kwamba wanapendwa.

Matunda, mpaka kwetu

Baadhi ya watoto wale ndio aliowaanzishia nao Shirika la Wasalesiani, tarehe 18 Desemba 1859. Michele Rua, aliyefiwa na baba akiwa mdogo, alikuja kuwa mrithi wake, na leo ni mwenye heri. Giovanni Cagliero, mmoja wa waliojitolea wakati wa kipindupindu, aliongoza wamisionari wa kwanza kwenda Argentina mwaka 1875 na baadaye akawa Kardinali. Mwaka 1872, pamoja na Maria Mazzarello, ilianzishwa familia ya masista kwa ajili ya wasichana. Don Bosco alifariki alfajiri ya tarehe 31 Januari 1888. Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934.

Hakuwahi kukanyaga Afrika. Lakini wanawe walifika Lubumbashi mwaka 1911, na Tanzania na Kenya mwaka 1980. Leo kuna kijana Iringa, Dodoma au kambi ya Kakuma anayeshika randa au waya wa umeme kwa sababu yule mzee Calosso alimuuliza kijana mmoja jina lake njiani.

Na sisi?

Ndugu yangu, kama wewe ndiye Bartolomeo, yaani umemaliza shule huna mchongo, au hukumaliza kabisa, usione aibu kusogea. Yeye naye alikuwa anaona aibu. Mtafute mtu mmoja mwaminifu: paroko, katekista, mlezi wa VIWAWA au TYCS, fundi mcha Mungu wa mtaani. Mwambie ukweli wa hali yako. Na ukishaonyeshwa njia, shika kazi.

Na kama umeshapiga hatua, hata moja, usiseme huna pesa ya kusaidia. Don Calosso alitoa Kilatini na muda. Cafasso alitoa ushauri. Mama Margherita alitoa supu. Chagua kijana mmoja, mmoja tu, umjue jina. Mwulize anaendeleaje wiki hii, na wiki ijayo mwulize tena. Mfundishe unachokijua. Mpeleke kwa mtu anayeweza kumwajiri, useme mimi nipo nyuma yake. Akikuibia blanketi, utaumia. Mwingine atabisha hodi usiku wa mvua.

Tusali.

Ee Mungu Baba, ulimpa Mtakatifu Yohane Bosco moyo wa baba kwa vijana wasio na mtu. Watazame wenzetu walio vijiweni, jela na kwenye vibarua visivyo na haki. Wape mtu wa kuwajua kwa jina. Na kama mtu huyo ni mimi, uniondolee woga na uvivu, unifundishe subira. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Maria Msaada wa Wakristo, utuombee.
Mtakatifu Yohane Bosco, utuombee.